Hewa, Maharage na Shamba la Shule

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula, Jumamosi mchana)



Katibu amenipa dakika arobaini, na amenionya kwamba makande yako tayari jikoni. Naona hatutagombana, maana mada yangu imo ndani ya sufuria hilo hilo.

Kamati imeweka mbele yetu mapendekezo mawili ambayo tutayapigia kura kesho asubuhi. La kwanza ni kwamba chama chetu kichange fedha kila mwaka za kununua mbolea ya urea kwa ajili ya ekari kumi na mbili za shamba la shule. La pili ni kwamba mbaazi ziondolewe shambani kwa kuwa hazina bei ya kuaminika, na mahali pake tupande mahindi matupu na maharage kwa zamu, kwa maelezo kwamba maharage "hurudisha mbolea ardhini". Nimeombwa, kama mtu aliyefanya kazi ya ubwana shamba na baadaye ya maabara ya udongo kwa miaka mingi, nieleze sayansi ya jambo hili. Nitaieleza. Lakini nasema mapema, ili nisionekane nimejificha nyuma ya sayansi, kwamba pendekezo la kwanza naliunga mkono kwa nusu, na la pili nalipinga.

Shamba lile, kwa wale vijana wasiojua, lilifyekwa na wanafunzi baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sisi tuliokuja baadaye tulililima kwa jembe la mkono na kwa manung'uniko mengi. Chakula chetu kilitoka pale. Leo wanafunzi ni wengi kuliko enzi zetu, ardhi ni ile ile, na mahindi yanayotoka hayafikishi muhula wa pili. Jana jioni nilitembea huko na Mwalimu wa Kilimo. Majani ya chini ya mahindi yamegeuka manjano kuanzia nchani, njano inayopita katikati ya jani kama herufi V. Hiyo ni njaa ya nitrojeni, na kuitambua hakuhitaji darubini.

Sasa angalieni maajabu yake. Hewa iliyosimama juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi, kuanzia chini hadi inapokwisha huko juu, ina uzito wa tani kumi hivi. Zaidi ya tani saba kati ya hizo ni nitrojeni. Ukipiga hesabu kwa ekari moja, unapata zaidi ya tani 30,000 za nitrojeni zilizoelea juu ya mahindi yale yanayokufa kwa kukosa kilo thelathini tu. Ni sawa na baharia anayeona kiu katikati ya bahari. Maji yapo, ila hayanyweki.

Hayanyweki kwa sababu nitrojeni ya hewani hutembea mbili mbili, atomu mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu. Katika gesi za kawaida ni vigumu kupata ndoa ngumu kuvunja kama hiyo. Radi huivunja, ndiyo maana mvua ya radi huleta kidogo. Binadamu walijifunza kuivunja juzi juzi tu. Mjerumani Fritz Haber alionesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni na haidrojeni vinaweza kuunganishwa kuwa amonia, na Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda, huko Oppau, mwaka 1913. Lakini wanahitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia, na haidrojeni yenyewe aghalabu hutoka katika gesi ya ardhini. Ndiyo sababu bei ya gesi ikipanda Ulaya, urea hupanda Babati. Mliona wenyewe mwaka 2021 na 2022, hata Serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya mbolea.

Mmea wa kunde hufanya kazi hiyo hiyo kwa joto la udongo wa hapa nje, bila bomba wala tanuri. Au niseme kwa usahihi kwamba si mmea unaoifanya, ni mgeni wake.

Habari ya kugundua jambo hili naipenda, na ninawaomba vijana waisikilize vizuri kwa sababu baadaye nitawapa kazi inayofanana nayo. Wakulima tangu zamani za Warumi walijua kwamba nafaka hustawi ikifuata kunde. Hawakujua kwa nini. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walitoa taarifa mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Berlin. Walikuwa wamepanda shayiri na njegere ndani ya vyungu vya mchanga usio na rutuba. Nafaka ilikuwa na tabia njema. Ukiipa naitreti kidogo ilikua kidogo, ukiipa nyingi ilikua sana, usipoipa ilidumaa. Njegere zilikuwa vurugu tupu. Katika vyungu visivyo na naitreti, mmoja ulikufa, wa jirani yake ukastawi kama uko bustanini. Mtafiti mwingine angesema vyungu vimeharibika akavitupa. Hawa walichukua udongo wa shamba, wakaukoroga kwenye maji, wakamwagia njegere maji hayo kidogo tu. Njegere zote zikastawi, na zote zikawa na vinundu kwenye mizizi. Kisha wakayachemsha maji ya udongo kabla ya kumwagia. Njegere zikadumaa, bila kinundu hata kimoja. Basi kilichokuwa kinafanya kazi kilikuwa kiumbe hai kinachokufa kwa moto. Miaka miwili baadaye, 1888, Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wale wakaonekana wenyewe. Ndio tunaowaita rizobia.

Jinsi bakteria anavyoingia nyumbani kwa mmea ni adabu tupu. Mzizi unaokosa nitrojeni hutoa kemikali fulani kwenye udongo, kama mtu anayebisha hodi kinyumenyume, kutoka ndani. Bakteria wa aina inayofaa akisikia, naye hujibu kwa kemikali yake. Wasipoelewana lugha, mlango haufunguki, ndiyo maana bakteria wa soya hawaingii kwenye maharage hivi hivi. Wakielewana, unywele wa mzizi hujikunja kama kidole, humkumbatia bakteria, na kumfungulia njia nyembamba hadi ndani. Huko seli hugawanyika na kujenga chumba. Hicho ndicho kinundu.

Ndani ya kinundu kuna kimeng'enya kinachoitwa nitrojenesi, chenye madini ya chuma na molibdenamu ndani yake. Hicho ndicho kiwanda. Kina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba oksijeni hukiua. Na bakteria mwenyewe anahitaji oksijeni ili apumue. Hapo mmea umetoa jibu ambalo mimi, baada ya miaka yote hii, bado nikilifikiria natikisa kichwa. Umetengeneza kitu cha jamii moja na himoglobini ya damu yetu, ambacho huikamata oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, kiasi cha kumtosha bakteria na kisichofika kukidhuru kimeng'enya. Nacho kina rangi nyekundu. Kwa hiyo ukikipasua kinundu kwa ukucha ukakuta ndani ni chekundu au waridi, kiwanda kinafanya kazi. Ukikuta cheupe, hakijaanza au hakitaanza kamwe. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyoambiwa. Mmea wa kunde humpa jembe siku ile ile, na asiyelima anakiona. Mwaka 2003 watafiti fulani waliviweka baadhi ya vinundu vya soya katika hewa waliyoiondolea nitrojeni, ili bakteria waliomo waonekane kama wavivu wasioleta chochote. Bakteria wale waliishia kuzaana karibu nusu tu ya wenzao, na kulikuwa na dalili kwamba mmea uliwabana oksijeni. Wakuu wa mabweni mliopo hapa msichukue mfano huo moja kwa moja.

Na ugeni huu una gharama. Kuvunja jozi moja ya nitrojeni hutumia molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nguvu mliyosoma katika Baiolojia. Nguvu yote hiyo inatoka kwenye sukari iliyotengenezwa na majani kwa jua. Mmea hulipa, basi, na kwa sababu unalipa, ni bahili. Ukikuta nitrojeni ya bure kwenye udongo hautapoteza sukari kumlisha mgeni. Mtu anayemwaga urea nyingi kwenye maharage anazifunga karakana zile kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona mashamba ya namna hiyo, majani ya kijani kibichi hadi yanapendeza, ukichimba mizizi ni mitupu kama kamba.

Amonia ikishatoka kiwandani haiwezi kuachwa ikizagaa, kwani ni sumu. Mmea huishika upesi na kuifunga kwenye asidi za amino, ya kwanza ikiwa glutamini. Kisha unatakiwa kuisafirisha kwenda juu, na hapa koo za mikunde zinaachana. Njegere za nchi za baridi husafirisha nitrojeni yake kwa wingi kama asparajini, ambayo kwa kila kaboni nne hubeba nitrojeni mbili. Maharage, kunde, soya na mbaazi, mimea ya jua kali, hutumia alantoini na ndugu yake. Alantoini kwa kaboni nne hizo hizo hubeba nitrojeni nne. Ni lori lile lile lenye shehena mara mbili. Wazee wenzangu wenye jongo watafurahi kusikia kwamba ili kupata alantoini, mmea hupitia kwanza asidi ya yuriki, ile ile inayotuvimbisha vidole vya miguu. Wenyewe unayo kimeng'enya cha kuigeuza. Sisi hatuna, tunavimba.

Shehena ikifika kwenye majani hufunguliwa, hujengwa protini, na protini nyingi zaidi kati ya hizo ni za mtambo wa usanisinuru wenyewe. Halafu mmea ukianza kujaza mbegu, jambo la kikatili hutokea. Mbegu za mikunde zinadai nitrojeni nyingi mno, kuliko mizizi inavyoweza kuleta siku zile. Mmea hubomoa protini za majani yake na kuzipeleka kwenye mbegu. Majani hugeuka manjano, hudondoka, na mmea hufa ukiwa umejila mwenyewe. Mwaka 1975 wanasayansi Sinclair na de Wit walipiga hesabu ya mazao mengi wakaonesha kwamba soya na jamaa zake hulazimika kufanya hivyo. Nimelileta jambo hili kwa makusudi, maana ndipo penye kiini cha kura ya kesho. Nitrojeni iliyokamatwa hewani haibaki kwenye mizizi ikingojea mahindi ya mwakani. Sehemu kubwa yake huhamia kwenye punje, na punje tunazila.

Vijana, chukueni kalamu. Katika kila gramu 100 za protini, gramu 16 hivi ni nitrojeni. Maharage makavu yana protini kiasi cha gramu 22 kwa kila gramu 100. Gunia la kilo 100, basi, lina nitrojeni kilo tatu na nusu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa maneno mengine, magunia sita na nusu ya maharage yanabeba nitrojeni sawa na mfuko mzima wa urea, na kila tunapoyapakia kwenye mkokoteni, mfuko huo unaondoka shambani.

Tuchukulie ekari imetoa magunia manne. Punje zimeondoka na kilo 14 za nitrojeni. Tuchukulie mashina, majani na maganda yana kilo nyingine 6, na mizizi tuiache kando. Jumla ni kilo 20. Je, ngapi zilitoka hewani? Maharage, nasikitika kusema mbele ya chakula, ni miongoni mwa wavivu wa ukoo wa mikunde. Huishi muda mfupi, huchelewa kuanza, na mara nyingi hupata nusu au chini ya nusu ya nitrojeni yake kutoka hewani. Tuwe wakarimu, tuseme nusu: kilo 10 za hewani, kilo 10 za udongoni. Tumepeleka 14 stoo. Udongo umepungukiwa kilo 4. Na ikiwa baada ya kupura tunawauzia wafugaji makapi, kama ilivyo desturi hapa kwa miaka yote niliyoyajua mahali hapa, udongo umepungukiwa kilo 10.

Mahindi ni mabaya zaidi, hilo sikatai. Magunia kumi na mawili ya mahindi hubeba kilo 18 hivi, zote za udongoni, bila senti kutoka hewani. Kwa hiyo maharage ni afadhali. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekuwekea fedha benki na mtu anayekuibia kidogo kuliko mwenzake. Msemo wa kwamba maharage hurudisha mbolea, ambao sote tumeukariri madarasani na mimi nimeusikia kwenye semina zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, kwa shamba linalovunwa punje na kuuzwa makapi hauna ukweli.

Mbaazi ni habari nyingine. Wakulima wa Babati wanazipanda pamoja na mahindi, mstari kwa mstari, na hazishindani nayo kwa sababu miezi ya kwanza mbaazi zinajivuta tu, kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Mahindi yakishavunwa, ndipo zinapoamka. Zina mizizi mirefu inayofuata unyevu uliobaki chini, zinaendelea kukamata nitrojeni miezi ambayo shamba lingekuwa tupu linapigwa na upepo, na muda wote huo zinadondosha majani. Majani yale yanaoza pale pale. Huko Patancheru, India, kwenye kituo cha utafiti cha ICRISAT, taarifa ya mwaka 1983 ilionesha kwamba mahindi yaliyofuata mbaazi yalifaidika kiasi kinachokaribia kuwekewa kilo 40 za nitrojeni kwa hekta. Hiyo kwa ekari ni kilo 16, yaani theluthi mbili ya mfuko wa urea, na aliyebeba ni jani. Mwaka 1990 watafiti wa Kijapani na wenzao kwenye kituo hicho hicho wakagundua jambo la ziada, kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyong'ang'aniwa na chuma cha udongoni, fosforasi ambayo nafaka haiwezi kuigusa.

Najua Kamati ina sababu. Mwezi Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya hapa ikaanguka vibaya. Kuna watu katika ukumbi huu walioacha magunia yao yakaliwa na wadudu. Kikomo kile kiliondolewa mwaka 2021, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na siwalaumu. Ila nauliza swali la mtu wa kawaida. Shule inanunua maharage sokoni kila muhula kwa fedha za wazazi. Mbaazi zetu tunasema hazina bei. Kwani nani ametulazimisha kuziuza? Mbaazi zina protini inayolingana na ya maharage kwa karibu kabisa. Watu wa Pwani huamka asubuhi na kula mbaazi za nazi kwa maandazi, na hawajasikika wakilalamika. Mabua yake makavu ni kuni, na Bibi Mpishi ataniunga mkono kwamba jiko la shule linakula kuni kuliko linavyokula mahindi. Maadam mbaazi zinaingia sufuriani, India haina sauti juu yake.

Sasa urea. Nimesema naliunga mkono nusu. Ekari kumi na mbili za udongo uliochoka hazitalisha watoto wote hawa kwa majani ya mbaazi peke yake, na mtu anayewaambia hivyo anataka sifa. Mahindi yapewe urea, mara mbili, kidogo wakati wa palizi ya kwanza na kidogo kabla ya kutoa mbelewele, na ifukiwe, isiachwe juani ikapotea kuwa gesi. Lakini nusu ya fedha za Kamati naomba zisinunue urea. Zinunue fosforasi. Kiwanda kile cha ndani ya kinundu kinaendeshwa kwa ATP, na P ile ni fosfati. Kunde yenye njaa ya fosforasi haiwezi kulisha mgeni, na vinundu vyake hubaki vidogo na vyeupe. Jana tuling'oa mashina ishirini ya maharage yanayotoa maua. Vinundu vilikuwapo, bakteria wa maharage wanaishi karibu kila udongo wa nchi hii. Lakini vingi vilikuwa kama punje za ulezi, na tulipovipasua, vyekundu vilikuwa vya kuhesabu.

Na fosfati tunayo mlangoni. Minjingu, kando ya Ziwa Manyara, ni mwamba uliotokana na mifupa na vinyesi vya ndege wa zama za kale. Ni laini kuliko fosfati za nchi nyingi na hufanya kazi vizuri zaidi penye udongo wa tindikali. Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko hata mmoja, udongo upimwe. Ukionekana hauna tindikali ya kutosha, tununue fosfati iliyokwisha kusindikwa badala ya ile ghafi. Gharama ya kupima ni ndogo, na sioni sababu ya kubahatisha.

Kuna aliyeniuliza asubuhi kuhusu unga wa bakteria wa kupaka mbegu. Ni kitu kizuri, nacho kimetengenezwa huku kwetu, Nitrosua katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na BIOFIX iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Faida yake kubwa ni kwenye soya, ambayo ni mgeni kutoka Asia na katika udongo mwingi haimkuti bakteria anayeelewa lugha yake. Kwa maharage matokeo ni ya kubahatisha, kwa sababu bakteria wenyeji ni wengi na huwahi kuchukua nafasi kabla ya wageni bora. Mkinunua, kumbukeni kwamba mfuko ule una viumbe hai. Usiwekwe juu ya paa la basi. Mbegu zilowanishwe kwa maji ya sukari kidogo, unga uchanganywe kivulini, zipandwe siku ile ile na kufukiwa mara moja, na zisiwe zimepakwa dawa ya wadudu.

Mapendekezo yangu, Ndugu Mwenyekiti, nimeyaandika na Katibu anayo: mbaazi zibaki, na muhula ujao ziingie jikoni mara mbili kwa wiki, makapi ya maharage yasiuzwe, na mfugaji anayeyataka alete samadi kwanza, mkokoteni kwa mkokoteni, fedha za mbolea zigawanywe nusu kwa nusu, udongo upimwe kabla ya Oktoba.

Na vijana, hii ndiyo kazi yenu. Tafuteni makopo kumi na mawili ya ukubwa mmoja, yatobolewe chini. Mchanga wa mtoni uoshwe hadi maji yawe maangavu, uchemshwe saa nzima kwenye sufuria la Bibi Mpishi kwa ruhusa yake. Pandeni kunde, mbegu tatu kila kopo, na muwape yote majivu kidogo kwa ajili ya madini mengine. Makopo manne yapate maji ya kawaida yaliyochemshwa. Manne yapate maji yaliyokorogwa udongo wa shamba la mbaazi. Manne yapate maji hayo hayo ya udongo baada ya kuchemshwa robo saa. Yawekeni mbali mbali, msichanganye vijiko. Wiki ya sita ng'oeni yote, hesabuni vinundu, pasueni kila kimoja, na muandike vyekundu ni vingapi na vyeupe ni vingapi. Nitaleta mzani wa maabara mwenyewe kupima uzito wa majani makavu. Mwalimu wa Kilimo amekubali tarehe, na mchanga tayari uko nyuma ya stoo.